Upandikizaji mimba Zanzibar: dini imeshasema, sheria bado, mwanamke hajaulizwa

Kijana anayesoma fiqhi katika darsa za msikitini, Unguja au Pemba, akifika mlango wa eda katika Minhaj ya Imam Nawawi hukutana na jambo ambalo pengine hakulitarajia. Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anaeleza kuwa eda humlazimu mwanamke baada ya kuingiliwa na mumewe, au baada ya kuingiza manii ya mumewe bila ya kuingiliwa. Karibu miaka 700 kabla ya maabara yoyote kushika yai la binaadamu, wanavyuoni wa Kishafi walikwishakiri kwamba mimba yaweza kushika bila ya tendo lenyewe, na wakaiwekea hukumu zake. Manii yakiwa ya mume, tena yametoka katika heshima ya ndoa, basi eda ipo na nasaba ipo.

Naanzia hapo kwa sababu mazungumzo ya upandikizaji mimba, yaani yai na mbegu kukutanishwa nje ya mwili kisha kurudishwa katika mfuko wa uzazi, kwetu huharibika mapema. Mmoja atasema haya ni mambo ya kigeni, dini haiyajui. Mwengine atasema dini imeyaharamisha yote. Wote wawili wamekosea, na anayelipia makosa yao ni mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi bila ya mtoto, anayeambiwa avute subira na huku wifi zake wanamtafutia kaka yao mke wa pili.

Mtoto wa mwanzo aliyetungwa nje ya tumbo la mama, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Haikufika miaka miwili, Machi 1980, Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, akatoa fatwa: inajuzu kuchukua yai la mke na mbegu ya mume, kuzikutanisha nje, kisha kurudisha kilichotungwa katika mfuko wa uzazi wa mke huyo huyo, maadamu kuna haja ya tiba na ndoa imesimama. Haijuzu kumwingiza mtu wa tatu, awe mtoa mbegu, mtoa yai au mbebaji mimba. Mwaka 1986 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lililokutana Amman, lilizipitia njia saba zilizokuwa zikitumika. Tano likazikataza, mbili likaziruhusu: ya kuweka mbegu ya mume moja kwa moja ndani ya mkewe, na ya kukutanisha yai na mbegu za wanandoa hao nje ya mwili.

Kwa hiyo uzio wa dini upo na unaonekana. Unachokilinda ni nasaba, mtoto ajulikane ni wa nani, amrithi nani, na nani ni maharimu wake. Anayesikitika kwamba hatuna muongozo wowote hajausoma.

Mke mwenza abebe mimba?

Kuna kisa kimoja katika historia ya fatwa hizi ambacho Mzanzibari atakielewa haraka kuliko wengi. Baraza jengine la fiqhi, la Makka, lilipolijadili jambo hili mara ya mwanzo katikati ya miaka ya 1980, liliacha mlango mmoja wazi. Ikiwa mume ana wake wawili, na mmoja hana mfuko wa uzazi lakini ana mayai, mke mwenza abebe mimba kwa niaba yake. Mume ni mmoja, ndoa zote mbili ni halali, hakuna mgeni aliyeingia.

Mwaka 1985 baraza hilo hilo likarudi nyuma na kuufunga mlango. Katika hoja zilizotolewa, moja ilikuwa nyepesi kuielewa: mke aliyebeba anaweza kuwa ameshika mimba yake mwenyewe kwa wakati ule ule, na wakizaliwa wawili haitajulikana nani wa nani. Lakini swali lililo zito zaidi ni la nani mama. Aya ya pili ya Suratul Mujadila inasema mama zao si wengine ila wale waliowazaa. Wengi wa wanavyuoni wakaegemea hapo. Mama ni aliyezaa, na yai pekee halimfanyi mtu kuwa mama mbele ya sheria.

Wanaosimulia kisa hiki husimama kwenye nasaba. Mimi kinachonishughulisha ni jengine. Katika mjadala wote ule, mke mwenza alitajwa kama mahala pa kuwekea mimba. Je, angeweza kukataa? Mwanamke anayekula, kuvaa na kulala kwa mkono wa mume huyo huyo, akiambiwa "mbebee mwenzio", hiari yake ingepimwa vipi? Mlango ulifungwa kwa sababu za nasaba na si kwa ajili yake, ingawa matokeo yake yalimlinda. Siku itakapoandikwa sheria Zanzibar, ulinzi wa namna hiyo usiachwe kuja kwa bahati.

Wako pia miongoni mwetu wasiofuata mkondo huu. Kwa Mashia, Ayatollah Khamenei alitoa fatwa mwaka 1999 iliyoruhusu, kwa masharti, mchango wa mayai na mbegu, na bunge la Iran likapitisha mwaka 2003 sheria ya kuwapa viinitete, yaani mayai yaliyokwishatungishwa, wanandoa wasiozaa. Ithnaasheri wa Mji Mkongwe anaweza kuwa na jibu tofauti na jirani yake Mshafi, kwa mujibu wa marjaa, mwanachuoni mkuu wa Kishia, anayemfuata. Mkatoliki anayesali Minara Miwili yuko upande mwengine kabisa, kwani Kanisa lake lilitamka mwaka 1987 kwamba halikubali mimba kutungwa maabara hata kati ya mume na mke wa ndoa.

Sheria ya nani inamfika

Afya si jambo la Muungano. Maana yake, sheria ya kusimamia tiba ya uzazi Zanzibar lazima ipitishwe na Baraza la Wawakilishi. Haijapitishwa sheria mahsusi ya upandikizaji mimba. Tanzania Bara nayo haina. Kenya imekuwa na mswada wake, uliosukumwa kwa miaka mingi na mbunge Millie Odhiambo, licha ya kwamba watoto wa mwanzo wa njia hii walizaliwa Nairobi tangu 2006.

Basi bibi wa Wete au Mkoani anayetafuta tiba hii hupanda boti na kwenda Dar es Salaam, mwenye uwezo zaidi akaenda Nairobi au India, na huko huwa chini ya utaratibu wa hospitali aliyoifikia na sheria za nchi ile. India, kwa mfano, ilipitisha mwaka 2021 sheria mbili kwa mpigo. Moja ilisimamia kliniki na kuweka umri, mwanamke kuanzia miaka 21 hadi 50 na mwanamme 21 hadi 55. Nyengine ilipiga marufuku biashara ya kubebeana mimba, iliyokuwa imeshamiri na kuwatumia wanawake masikini. Mpemba hakuwa na kauli katika sheria hizo, lakini ndizo zinazomfika akiwa kitandani huko.

Ukosefu wa sheria haumaanishi uhuru. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya mapacha waliobebwa na mwanamke kwa niaba ya wanandoa. Walipozaliwa, hospitali haikujua iandike jina la mama yupi. Idara ya watoto ikaarifiwa, na watoto wale wachanga wakapelekwa kituo cha kulelea watoto hadi wanandoa wale na mwanamke aliyewabeba wakaenda mahakamani. Mahakama iliona haki za wahusika zimevunjwa, ikasema wazi kwamba pengo liko kwenye sheria. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii, na cheti cha kuzaliwa kinataka jina la mama. Siku likitokea kwetu, karani wa dirishani atakuwa na fomu tu, bila ya jibu.

Kadhi je? Mahakama ya Kadhi, inayofanya kazi kwa sheria ya 2017, inasikiliza ndoa, talaka, matunzo, malezi na mirathi ya Waislamu. Mkataba kati ya mgonjwa na hospitali haumo humo. Ugomvi juu ya kiinitete kilichohifadhiwa una miguu miwili, mmoja kwenye ndoa na mmoja kwenye mkataba, na hakuna aliyeandika mahakama gani iushike.

Mwili ni wa mke, ugonjwa ni wa yeyote

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba katika maisha yake. Lakini nyumbani kwetu bado ugumba una sura ya mwanamke. Yeye ndiye anayepelekwa kuchuliwa tumbo, anayenyweshwa makombe na dawa za mizizi, anayeulizwa na mavyaa kila mwisho wa mwezi. Ukweli wa hospitali ni kwamba karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, sababu iko kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vyote, hakina sindano wala mionzi. Ndicho kinachochelewa kuliko vyote, kwa sababu mume hataki kwenda.

Tuutazame upandikizaji wenyewe. Mke huchomwa sindano za homoni kila siku kwa takriban siku kumi au zaidi ili ovari zake zitoe mayai mengi pahala pa moja. Huchunguzwa mara kwa mara kwa picha za mawimbi ya sauti. Kisha hulazwa, akapewa dawa ya usingizi au ya kutuliza, na mayai hufyonzwa kwa sindano ndefu inayopitishwa ukeni. Baadhi ya wanawake ovari huchocheka kupita kiasi, tumbo likajaa maji, na wachache hali yao huwa ya hatari. Viinitete hukuzwa siku tatu hadi tano kisha kimoja au viwili hurudishwa. Vikirudishwa vingi, mimba ya mapacha au watatu huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati. Mume anatakiwa atoe mbegu.

Tangu 1992, kwa kazi iliyofanywa Brussels, mbegu moja dhaifu inaweza kudungwa moja kwa moja ndani ya yai. Hii ndiyo tiba kubwa ya ugumba wa wanaume. Inamaanisha pia kwamba mwanamke mwenye afya kamili hupitishwa kwenye sindano, usingizi na hatari zote zile kwa maradhi ya mumewe. Wengi hukubali kwa mapenzi, na mapenzi hayo nayaheshimu. Lakini daktari anayemwanzishia sindano bila ya kumwambia waziwazi kwamba ugonjwa haupo kwake amemnyima haki ya kuamua. Hutokea mume akaomba majibu yake yasitajwe, na mke akabaki akijiona yeye ndiye mbovu. Siri ya mgonjwa ni haki, hapo sina ubishi. Ila haiwezi kutumika kumwekea mtu mwengine sindano mwilini kwa sababu asiyoijua. Sheria ingeweza kuliweka hili kwa sentensi moja: kabla ya mke kuanza tiba, wanandoa wote wawili wapewe majibu yote kwa pamoja, na asiyetaka yake yajulikane, tiba isianze.

Na kuna linalotangulia yote hayo, la kuzuia. Mirija ya uzazi huziba kwa maradhi ya zinaa yasiyotibiwa, kwa uchafu baada ya kujifungua au mimba kuharibika, na kifua kikuu cha njia za uzazi. Kwetu ongeza kichocho. Kichocho cha njia ya mkojo kimekuwa maradhi ya visiwa hivi kwa vizazi, na mayai ya minyoo yake yakikaa kwenye viungo vya uzazi vya msichana huacha makovu yanayoweza kumkosesha mtoto. Kazi kubwa imefanywa Unguja na Pemba kukipunguza, kwa vidonge maskulini na vijijini. Kwa mwanamke ambaye hataweza kamwe kulipa mamilioni ya shilingi ya upandikizaji, vidonge vile vina thamani kubwa kuliko maabara yoyote ya mjini.

Talaka ikija na kiinitete kiko kwenye barafu

Hapa ndipo ninapoona hatari iliyo karibu zaidi. Tiba hii huacha mara nyingi viinitete vya ziada, vikagandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, vikaweza kukaa miaka. Talaka kwetu si jambo la ajabu. Ikitoka, viinitete ni vya nani?

Fiqhi inajibu sehemu yake. Ndoa ikivunjika kwa talaka au mauti, kiinitete hakirudishwi, kwa sababu uhusiano uliokihalalisha umekwisha. Lakini talaka rejea, na mke yumo ndani ya eda? Kwa Shafi, kurejea ni kwa tamko, kitendo peke yake hakitoshi. Mke akienda kliniki siku ya ishirini ya eda na karatasi ya ridhaa iliyosainiwa mwezi uliopita, kliniki ya Dar itajuaje kwamba ameachwa? Na mtoto akizaliwa, mume akakanusha, Kadhi ataanzia wapi? Masuala haya wanayaweza masheikh wetu na ofisi ya Mufti. Yajibiwe kabla ya kufika barazani kwa Kadhi na mtoto mkononi.

Nchi zenye sheria nazo hazikuepuka machungu. Natallie Evans, Muingereza aliyetolewa ovari zake kwa ajili ya uvimbe uliokuwa ukielekea kuwa saratani, alibaki na viinitete alivyotungisha na mchumba wake. Wakaachana, mwanamme akaondoa ridhaa. Alikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binaadamu, na mwaka 2007 akashindwa. Sheria ya Uingereza ilitaka ridhaa ya wote wawili hadi dakika ya mwisho, na mahakama ikasema nchi ina haki ya kuweka kanuni iliyo wazi namna hiyo. Viinitete vile vilikuwa nafasi yake ya mwisho ya mtoto wa damu yake. Naiona hukumu ile chungu, na bado naona bora ya kanuni inayojulikana siku ya kusaini kuliko kanuni inayotungwa siku ya ugomvi.

Sheria mbaya nayo humuumiza mwanamke. Italia mwaka 2004 iliamuru visitungishwe zaidi ya viinitete vitatu na vyote virudishwe kwa pamoja. Nia iliyotajwa ilikuwa heshima ya kiinitete. Matokeo yake, mwanamke aliyeshindwa mara ya kwanza alianza sindano upya kila mara, na mwenye umri mdogo akawekwa kwenye hatari ya kubeba watatu. Mahakama ya Katiba iliivunja kanuni hiyo mwaka 2009. Falme za Kiarabu, nchi ya Kiislamu ambayo wengi wetu tuna jamaa huko, zilikataza kugandisha viinitete katika sheria ya 2008, zikabadilisha 2019 na kuruhusu. Lile Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1990, lilishauri yatungishwe mayai kwa idadi inayohitajika tu. Ushauri huo una hekima yake, lakini ukiandikwa kuwa amri bila ya kumuuliza daktari na mgonjwa, gharama yake italipwa na ovari za mke. Watunga sheria wetu wakae na wote, sheikh, daktari, wakili, na wanawake waliopita kwenye tiba hiyo. Hao wa mwisho ndio ambao aghalabu hawaitwi.

Tunayo kumbukumbu ya namna mambo yanavyokuwa wasipoitwa. Kwa sheria ya 1985 mwanamke asiyekuwa na mume akishika mimba Zanzibar aliweza kufungwa. Sheria ya 2005 ilifuta kifungo hicho, ikaweka kazi za huduma kwa jamii badala yake. Ilichukua miaka 20. Kwa upande wa pili Tanzania iliridhia mwaka 2007 Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo kifungu chake cha 14 kinampa mwanamke haki ya kuamua kama azae, lini na wangapi. Simuoni mtu anayetaka kuitumia itifaki hiyo kuvunja uzio wa nasaba Zanzibar. Ndani ya uzio huo huo mna nafasi kubwa ya kumpa mwanamke neno lake: akatae bila ya kutishiwa talaka, asimamishe tiba katikati, aamue mwenyewe virudishwe viinitete vingapi, na jina lake lisiwe mazungumzo ya mtaa kwa sababu muuguzi ni binamu wa wifi yake. Na achague kutoendelea kabisa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwengine bila ya kubadilisha nasaba yake, na nyumba nyingi visiwani zimelea watoto wa ndugu bila ya kuingia maabara.

Kwa wanaojitayarisha kusafiri sasa, kabla ya sheria yoyote, mambo machache yanaweza kufanywa. Mume apimwe kwanza, kabla ya mke kuchomwa sindano hata moja. Muulizeni daktari nafasi ya kufanikiwa kwa umri wa mke mwenyewe, msikubali wastani wa wagonjwa wote wa kliniki, kwani aliyepita miaka 40 nafasi yake ni ndogo sana kuliko ya mwenye miaka 30. Hakikisheni kwa maandishi kwamba mayai na mbegu ni zenu wawili tu, na kwamba vyombo vya maabara vinawekewa alama mbele ya shahidi. Andikeni viinitete vitafanywa nini ikija talaka au mauti, na nani atalipa ada ya kuvihifadhi. Fomu ya ridhaa iombeni kwa Kiswahili, mke aichukue nyumbani aisome peke yake usiku mmoja kabla ya kusaini, na nakala yenye saini zote mbili ibaki mkononi mwake.